Nani Alitangulia, Wakazi au Viwanda?
Wengi huamini kwamba Wamarekani Weusi wanaoishi jirani na viwanda vya kemikali jimboni Louisiana walihamia huko wenyewe, wakifuata nyumba za bei nafuu. Dhana hii inaeleweka, kwani mahali pengine imewahi kutokea hivyo. Lakini baina ya Baton Rouge na New Orleans, kando ya mto Mississippi, vijiji vingi vilianzishwa na watu walioachwa huru utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, pembezoni mwa mashamba ya miwa walimotumikishwa. Viwanda vingi vilijengwa katika karne ya 20, juu ya mashamba hayohayo. Msomaji anaweza kuhakikisha kwa kulinganisha ramani za zamani, miaka iliyochongwa makaburini na mwaka kiwanda kilipofunguliwa.