Je, wajua kwa nini ukiwa likizo unashiba vizuri tu, af baada ya muda mfupi unakula tena?

Mtu akirudi likizo na suruali imegoma kufunga, kitu cha kwanza ni kujilaumu, eti sina nidhamu, nilijiachia mno. Ulafi upo siukatai, ila njaa ya safarini kwa sehemu kubwa inasababishwa na vitu ambavyo hata hauvitilii maanani, na ukivijua kula vizuri huko uliko kunakuwa rahisi kuliko kujinyima.

Kwanza tujue ukubwa wa tatizo lenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 122 waliokwenda likizo ya wiki 1 hadi 3. Kwa wastani waliongezeka kama gramu 300 hivi. Utasema aah, gramu 300 ni nini, lakini walipopimwa tena wiki 6 baada ya kurudi, ule uzito ulikuwa bado upo. Na kilichonishangaza mimi ni kwamba hawa watu hawakuwa wamelala tu ufukweni, mazoezi yao hayakupungua, kwa hiyo ile hesabu yetu ya "natembea sana huku, mafuta nitayachoma tu" haisaidii kihivyo. Kilichopanda sana ni pombe, wastani ulitoka kama vinywaji 8 kwa wiki hadi 16. Kinywaji kina kalori kama chakula ila tumbo halikihesabu kama chakula, unakunywa na sahani unaimaliza vilevile. Soda na juisi za sukari nazo zimo humo humo, tusiwaonee wanywaji peke yao.

Sasa twende kwenye bufee, maana hapo ndo penyewe. Shibe haitoki tumboni peke yake. Ukila kitu kimoja, kadiri unavyoendelea utamu wake kwako unashuka, tonge la kumi haliwezi kuwa tamu kama la kwanza, na hiyo ni moja ya sababu zinazokufanya uache. Lakini kile ambacho hujakigusa bado, hamu yake iko palepale. Ndo maana mtu anasukuma sahani kabisa anasema siwezi tena, keki ikipita anasema hebu nionje kidogo. Hadanganyi! Kwa ile keki kweli bado hajashiba. Mtafiti Barbara Rolls na wenzake walilionyesha hili mwaka 1981, watu waliopewa sandwichi zenye vitu vinne tofauti ndani walikula karibu theluthi moja zaidi ya waliopewa za aina moja. Hizo ni aina nne tu, wewe hotelini umewekewa aina thelathini asubuhi na thelathini zingine jioni, na umeshalipia, kwa hiyo na roho inauma kuviacha.

Dawa yake ni ndogo tu, punguza aina, usipunguze raha. Zunguka meza nzima mikono mitupu kwanza, angalia kila kitu, af chagua viwili vitatu unavyovitamani kweli, hasa vile ambavyo nyumbani huvipati, mkate na soseji unavyokula kila siku vya nini sasa? Jaza mboga na kitu cha protini kama mayai, samaki au maharage, kaa mbali na meza ya chakula, na ukitaka kitamu chukua kimoja ukile kwa utulivu.

Halafu kuna usingizi. Safari ya alfajiri, kuchelewa kulala, kitanda kigeni, yote hayo yanakula usingizi wako. Mwili una homoni ya kuamsha njaa inaitwa ghrelini, na nyingine ya kutuliza inaitwa leptini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti wa vijana 12 wenye afya waliolala kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, kwa usiku 2, ghrelini ikapanda asilimia 28 na leptini ikashuka asilimia 18, na hamu ikazidi hasa kwa vitu vya sukari, chumvi na wanga. Kwa hiyo ukijikuta unatafuta chipsi saa tano asubuhi, jiulize jana ulilala saa ngapi kabla hujajiita mlafi.

Kwa wanaopanda ndege kwenda nchi ambako saa ni tofauti sana na za kwao kuna lingine, ini na utumbo vina saa zake, na zinafuata sana muda unaokula. Ukifika, kula kwa saa za huko, usile mlo mkubwa usiku wa manane kisa kwenu ni mchana. Ndani ya ndege kwenyewe hewa ni kavu, unyevu huwa chini ya asilimia 20, na presha yake ni kama uko kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, ulimi unapoteza makali ya chumvi na sukari, ndo maana chakula kinaonekana kimepooza. Usikimbilie kuongeza chumvi, we omba maji.

Choo kugoma safarini nako ni kawaida, aibu ya nini. Ratiba imebadilika, unakaa sana, maji kidogo, na nyuzinyuzi hakuna. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kwa hiyo tembea na karanga na matunda kwenye begi.

Na matunda uyamenye mwenyewe, hiyo ni muhimu kuliko kilo zote nilizoongelea, kwa sababu kuharisha kunaweza kuila likizo yako nusu nzima. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kikae juu ya nyuzijoto 60 au chini ya 5, katikati hapo bakteria wanazaliana haraka. Kwa hiyo bufee uiwahi wakati vyakula vinatoka jikoni vikifuka moshi, na kama maji ya huko huyaamini basi na barafu iache, maana ni maji yaleyale.