Kivuli kwa kalamu tupu: nilivyokutana na Moebius

Kitabu nilikikuta Mwanjelwa, soko la Mbeya, kwenye rundo la vitabu vya mitumba, jalada limeshachanika. Kurasa zake hazina neno hata moja. Mtu mwenye kofia ndefu kapanda ndege mkubwa asiye na manyoya, anapita juu ya nchi kame. Nilikaa pale kwenye benchi la muuzaji mpaka alipoanza kufunga.

Kilikuwa Arzach, kazi ya Mfaransa Jean Giraud (1938–2012), mchoraji wa hadithi za katuni. Hadithi za Blueberry, za Marekani ya farasi na bastola, alizitia saini ya Gir. Za anga na dunia za mbali, Moebius. Arzach ilianza kutoka 1975 katika Métal Hurlant, jarida aliloanzisha na wenzake.

Sisi tuliolelewa na jarida la katuni la Sani, na kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, tumezoea hadithi inayobebwa na mazungumzo. Huyu kaubebesha mstari mzigo wote.

Litazame bawa la yule ndege. Kivuli chake hakikumwagiwa wino. Kimejengwa kwa vistari vifupi vya kalamu vinavyofuata mkunjo wa ngozi. Penye uvungu vinabanana. Mwanga ukikaribia vinaachana, vinakatika, vinabaki nukta, kisha karatasi tupu. Unaliona bawa na ni kama umelipapasa. Wachoraji wengi wa hapa kwetu, nami nilikuwa mmoja wao, tunatia kivuli kwa mistari iliyolala upande mmoja, iwe shavu, iwe ukuta. Ndiyo maana sura zetu zinatoka bapa kama sahani.

Mkono huu umefika mbali. The Long Tomorrow, iliyotoka 1976 kwa hadithi ya mwandishi Dan O'Bannon, ina mji wa maghorofa yaliyorundikana ambao baadaye uliwaongoza waliotengeneza filamu ya Blade Runner (1982). Mavazi ya wanaanga katika Alien (1979) nayo yana mchango wake. Lakini kwa mchoraji, shule yenyewe ni lile bawa.

Na umbali, jamani! Nilipanda barabara ya Chunya mpaka pale unapoliona bonde la Usangu limetandazwa chini, nikajaribu. Karatasi mbili za kwanza niliziharibu kwa kuchora kila nilichokiona: kila mti, kila wingu. Ya tatu nikafuata alivyofanya yeye. Nyasi za miguuni pangu nikazichora jani kwa jani. Miti ya mteremkoni nikaipa nukta. Usangu yote nikaipa mstari mmoja mwembamba, nikauachia kabla haujafika ukingoni mwa karatasi. Mwisho nikamweka mama mmoja njiani, kabeba kuni kichwani, mdogo kama punje ya ulezi.

Bonde likafunguka nyuma yake.