Jina limebadilika, karatasi bado

Wiki iliyopita mama mmoja aliketi mbele ya meza yangu akafungua bahasha ya kaki. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa Tanzania), na kiapo alichogongewa muhuri kwingine. "Wakili, jina nilishabadili, ila kila ninakokwenda wananirudisha."

Hakuwa amebadili kitu. Kiapo kile kilisema tu kwamba majina mawili, la cheti na la kitambulisho, ni ya mtu mmoja. Kinasaidia pale herufi imeruka, Hamisi akawa Hamis. Anayeliacha kabisa jina la zamani anahitaji hati ya kubadili jina, ile tuliyozoea kuiita deed poll. Unalikana jina la kwanza, unajifunga kutumia jipya, unasaini kwa yote mawili, kisha hati inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Isiposajiliwa haikufikishi popote. Kwenye saini ndipo wengi husita. Mama yule aliliandika jina jipya herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ukishaipata, anzia NIDA. Watu hukimbilia benki kwa sababu ndiko hela ziliko, halafu wanarudishwa: benki, kampuni ya simu, hata pasipoti, kote wanakulinganisha na taarifa za NIDA. Ile namba ya tarakimu 20, inayoanza na tarehe yako ya kuzaliwa, inabaki ileile. TIN, namba ya mlipakodi, nayo vivyo hivyo. Mtu akikushauri ujiandikishe upya upate namba nyingine, kataa katakata. Majina mawili yanaelezeka; namba mbili utaitwa tapeli. Na kabla hujarudisha kitambulisho cha zamani, kitoe kopi.

Vyeti vya shule mimi huwa nasema viacheni. Aliyefanya mtihani mwaka ule alikuwa na jina lile. Unaambatanisha nakala ya hati iliyothibitishwa, basi.

Kinachosahaulika ni mfuko wa hifadhi ya jamii. Michango inaingia miaka na miaka kwa jina la zamani, na hakuna anayestuka mpaka siku ya kudai mafao, pengine wanaodai wakiwa warithi. Mama yule anastaafu mwakani. Barua ya mfuko na ya mwajiri tumeziandika siku ileile. Ziko kwenye faili, zinasubiri kitambulisho kipya.