Uandishi Bunifu Si Stadi za Mawasiliano: Ufafanuzi kwa Wanafunzi na Wazazi

Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze kutolewa mwaka 2023, wanafunzi wanaoomba somo la uandishi bunifu chuoni kwetu wameongezeka, na malalamiko yameongezeka nao. Wengi hujisajili wakidhani ni Stadi za Mawasiliano iliyolegezwa masharti. Sivyo.

Chukua sentensi hii: "Bei ya unga ilipanda, mama akapata shida." Kwenye Stadi za Mawasiliano mwalimu ataizungushia wino mwekundu. Ilipanda lini? Kwa kiasi gani? Nani kasema, ukurasa wa ngapi? Msomaji wako pale anataka kuhakiki. Hoja ikisimama na marejeo yakiwa sahihi, umemaliza kazi. Kwenye uandishi bunifu sentensi hiyohiyo inarudishwa kwa swali jingine: shida hiyo tunaionaje? Mwanafunzi mmoja aliiandika upya mara nne. Katika rasimu ya nne mama anajaza kibaba, anakisawazisha kwa kiganja, kisha anachota konzi moja na kuirudisha mfukoni kabla maji hayajachemka. Neno "shida" halimo tena, na darasa zima lilinyamaza.

Kwa hiyo msiseme somo hili halina kosa wala sahihi. Mhusika aliyeanza akiwa kipofu hawezi kusoma barua ukurasa wa sita. Msimulizi aliyeanza na "mimi" hawezi kujua mawazo ya jirani. Nimeshachoka kuambiwa "ni hisia zangu, mwalimu." Hisia ni zako, ukurasa ni wa msomaji.

Ufundishaji nao ni tofauti. Stadi za Mawasiliano hufundishwa ukumbini kwa mamia ya watu. Uandishi bunifu ni kundi dogo, kwa utaratibu wa warsha uliopata umaarufu kupitia Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako warsha ya waandishi ilianzishwa mwaka 1936: wenzako wanaijadili kazi yako mbele yako, nawe unakaa kimya hadi wamalize. Ni kugumu kuliko mtihani.

Kuhusu ukusanyaji wa kazi, tafadhali zingatieni. Jalada liwe na rasimu ya kwanza, maoni ya wenzako kwa maandishi, na rasimu ya mwisho, kwa mpangilio huo. Ukurasa wa mbele uwe na namba ya usajili, si jina. Ukishakabidhi, weka sahihi kwenye daftari la mapokezi. Bila sahihi hiyo, kazi inahesabika haijapokelewa. Jalada lisilo na rasimu ya kwanza linarudishwa hata hadithi ikiwa nzuri vipi, kwa kuwa tunachosahihisha ni safari kati ya rasimu hizo.

Kunakili ni udanganyifu hapa kama kule. Shairi la mwingine ulilobadilisha majina, au hadithi iliyoandikwa na programu ya akili mnemba, litapelekwa kwenye kamati ya mitihani, na adhabu yaweza kuanzia kufutiwa matokeo ya somo hadi kusimamishwa masomo, kwa kadiri kamati itakavyoona.

Kwa wazazi: somo hili halimwondolei mtoto wenu Stadi za Mawasiliano. Atasoma yote mawili.

Anayetaka kujisajili aje na kurasa mbili alizoandika mwenyewe. Makosa yake ayaache yalivyo. Ndiyo tutakayoanza nayo.