Kuku wa mbao na magurudumu yaliyopasuka

Nafundisha ubunifu wa bidhaa kwenye karakana ya chuo hapa Mbeya. Muhula huu kundi la wanafunzi wanne lilichagua kazi ambayo wenzao waliiona nyepesi: kichezeo cha mtoto wa miaka miwili. Ni kuku wa mbao juu ya kigari. Ukivuta kamba, anainama na kudonoa. Nilifurahi sana. Anayenunua mashine ya kukoboa mahindi unaweza kumwelekeza, lakini mtoto wa miaka miwili haelekezwi, na chochote anachoshika kinaishia mdomoni.

Kudonoa kwenyewe si kugumu. Ekseli inabeba kisahani ambacho tundu lake halipo katikati. Kinapozunguka kinausukuma mkia juu, na kuku, aliyeshikwa na pini tumboni, anainamisha kichwa. Tundu likihama milimita 6 kutoka katikati, mkia unapanda na kushuka milimita 12. Hayo waliyapata kwa boksi la sabuni, gundi na vijiti vya mishikaki, mchana mmoja tu. Nasisitiza waanze na boksi kwa sababu ubao uliokwisha kuupiga msasa siku mbili unaanza kuutetea hata ukiwa na kasoro.

Magurudumu ndiyo yaliyotutesa. Walichukua tawi bichi la mlingoti, yaani mkaratusi, wakalikata vipande vya mviringo kama karoti. Yalipendeza. Wiki ya tatu kila moja lina ufa kutoka ukingoni hadi kwenye kiini. Mti ukikauka hausinyai sawasawa: kwa urefu wake husinyaa kidogo mno, kuelekea kwenye kiini husinyaa zaidi, na kufuata mzunguko wa pete zake husinyaa kuliko kote, mara nyingi karibu maradufu ya kule kwenye kiini. Basi ukingo wa kipande cha mviringo unataka kufupika, kiini kinaukatalia, na ukingo unachanika. Gundi haiwezi kuzuia hilo. Tukahamia kwenye ubao mkavu wa msindano, ule wa mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, na magurudumu hayajapasuka tena. Mvua ikinyesha mfululizo mbao huvimba kidogo, kwa hiyo tundu la ekseli kwenye kigari tumelilegeza nusu milimita.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, viwango vya kimataifa vina kopo la kupimia: upana wa ndani milimita 31.7, kina kuanzia milimita 25.4 hadi 57.1 kwa kuwa kitako chake kimekaa mshazari. Kipande kinachozama chote humo kinaweza kumkaba mtoto. Sisi tulitoboa kigogo kwa keekee ya milimita 32, tukajibana kidogo zaidi ya kiwango. Jicho la kuku, shanga nzuri nyekundu, lilizama lote. Sasa jicho ni alama iliyochomwa kwa msumari wa moto. Rangi nimeikataa kabisa, maana hatuna namna ya kupima madini ya risasi yaliyomo, na hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Tumepaka nta ya nyuki.

Ijumaa tulimpa mtoto wa mama lishe wetu, mama mwenyewe akiwa amekaa pembeni. Kamba hakuigusa. Alimpindua kuku, akawa anazungusha magurudumu kwa kiganja na kuchungulia kile kisahani, tena na tena, huku wanafunzi wangu wamenyamaza. Nami nilikuwa natazama kidole chake, kwa sababu pale mkia unapokutana na kisahani pengo linatosha kukibana. Pengo la namna hiyo likipitisha fito ya milimita 5, linatakiwa lipitishe na ya milimita 12.

Jana wamerudi kwenye boksi la sabuni. Wanakata kisahani upya, na safari hii kuku anachorwa akiwa amelala chali, bila kamba.