Wanafunzi wa Kibaluchi na Vita vya Tarehe

Mimi ni mwanasheria, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma mafaili ya watu waliotoweshwa. Nikiletewa faili natafuta kwanza tarehe mbili: siku ambayo familia inasema mtu wao alichukuliwa, na siku ambayo serikali inakiri kuwa naye. Zikipishana, hapo ndipo pa kuchimba. Mkoani Balochistan, Pakistan, hupishana kwa wiki au miezi, na mara nyingi ile ya pili haiji kabisa.

Chukua kisa cha Februari 2022. Mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Quaid-i-Azam, Islamabad, alikuwa amerudi kwao Khuzdar, Balochistan. Tarehe 8 alikuwa akifundisha kwenye kituo cha masomo ya ziada, wakaingia watu waliofunika nyuso, wakamchukua mbele ya wanafunzi wake. Mwezi uliofuata polisi wa kupambana na ugaidi wakatangaza kwamba wamemkamata akiwa na vilipuzi, kana kwamba ndiyo kwanza wanamtia machoni. Lakini wenzake hawakuwa wamekaa kungoja. Walikuwa wameshapiga kambi mbele ya klabu ya waandishi wa habari Islamabad, na malalamiko yao yameshafika Mahakama Kuu. Serikali ilipokuja na tarehe yake, ile ya familia ilikuwa imeshatangulia.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Watu huona maandamano na picha za waliotoweshwa zilizoinuliwa juu, ila kinachofanyika kabla ya hapo ni makaratasi. Kituo cha polisi kinatakiwa kisheria kufungua ripoti ya kwanza ya kosa, ile wanayoiita FIR. Mlalamikaji akisema waliomchukua mwanawe ni askari au watu wa usalama, ofisa huweka kalamu chini. Mama aliyetoka kijijini Makran, pwani ya Balochistan, asiyesoma Kiurdu wala Kiingereza, ataanzia wapi? Ndipo kijana wa chuo anapokaa naye, anaandika saa, mahali, rangi ya gari, nani alishuhudia, kisha anampeleka kwa wakili ili ombi lifunguliwe Mahakama Kuu kwa mujibu wa ibara ya 199 ya Katiba. Ipo pia tume ya serikali iliyoundwa mwaka 2011. Imepokea malalamiko zaidi ya 10,000 kutoka Pakistan nzima, na mimi sioni sababu ya kuisifu: kurudi kwa mtu nyumbani huihesabu kama kesi iliyokwisha, bila kumfikisha aliyemteka kizimbani.

Kwa nini wanafunzi? Kwanza, wao ndio wanaowindwa. Shirika la Wanafunzi wa Kibaluchi, BSO, lilianzishwa Karachi mwaka 1967, na viongozi wengi wa siasa za Balochistan wamepitia humo. Zakir Majeed, makamu mwenyekiti wa tawi lake la BSO-Azad, alichukuliwa Juni 2009 huko Mastung. Mwenyekiti Zahid Baloch alichukuliwa Quetta Machi 2014, na Karima Baloch akashika nafasi yake, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Tawi hilo lilikuwa limeshapigwa marufuku mwaka mmoja kabla.

Pili, wengine wamekulia ndani ya msiba huo huo. Mwanaharakati Sammi Deen alikuwa mtoto wa shule baba yake, daktari, alipochukuliwa kazini Ornach Juni 2009. Mahrang Baloch alimpoteza baba yake mwaka huo huo, na mwili ukapatikana 2011. Mahrang akasomea udaktari Quetta, na Desemba 2023 akaongoza msafara wa wanawake kutoka Turbat hadi Islamabad, walikopokewa kwa virungu na maji ya kuwasha. Wanawake wako mbele kwa sababu iliyo wazi: wanaume waliotangulia ndio waliomo kwenye zile picha.

(Wasomaji wa Mombasa na Unguja mnawajua Mabulushi, wajukuu wa askari waliolinda ngome za masultani wa Omani. Wengi asili yao ni Makran hiyo hiyo, na Gwadar ilikuwa mali ya Omani hadi 1958.)

Serikali hujibu kwamba baadhi ya wanaotajwa wamejiunga na wapiganaji wa msituni wanaotaka mkoa ujitenge. Wapo waliojiunga, na wapiganaji hao wameua raia. Kuteka treni ya Jaffar Express Machi 2025 si jambo la kutetewa. Ila ibara ya 10 ya Katiba yao inataka aliyekamatwa afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 24, na haikumtoa mshukiwa wa ugaidi. Muswada wa kufanya utoweshaji kuwa jinai ulipita bunge la chini mwaka 2021, halafu waziri wa haki za binadamu mwenyewe, Shireen Mazari, akasema muswada umepotea.

Mahrang alikamatwa Machi 2025. Juni mwaka huo bunge la mkoa likapitisha sheria inayoruhusu mshukiwa kushikiliwa hadi siku 90 bila mashtaka. Kwangu mimi hilo ndilo pigo kubwa kwa mbinu ya wanafunzi, maana pengo la tarehe walilokuwa wakilianika sasa linaweza kuvishwa amri halali. Katika mafaili mapya, swali la kuanzia ni amri hiyo iliandikwa lini, na je, mama alikuwa ameshafika kituoni kabla ya wino kukauka.