Maji Mengi Mtoni Si Lazima Yawe Makazi Bora ya Samaki

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa Bukavu, na hadi kufika Ziwa Tanganyika huwa umeshuka karibu mita 700. Mteremko huo ndio ulioleta mabwawa ya umeme, na mara nyingi mto huu huzungumzwa kwa megawati tu. Swali linalotuhusu sisi watafiti wa samaki ni hili: maji yanayoachwa yapite chini ya bwawa yanawapa samaki nafasi kiasi gani ya kuishi?

Samaki huchagua mahali pake kwa kina cha maji, kasi yake, aina ya sakafu ya mto na maficho. Kuyu, ambaye hupanda mito ili kutaga, hahitaji mahali pale pale panapohitajiwa na vifaranga wake, wanaotafuta maji ya kando yaendayo polepole.

Ndiyo maana katika miaka ya 1970 wataalamu wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia samaki na wanyamapori walibuni modeli ya makazi ya mtoni. Mto hupimwa kutoka ukingo hadi ukingo na kugawanywa katika vipande vidogo, kisha kina, kasi na sakafu ya kila kipande hupewa alama kati ya 0 na 1 kulingana na mahitaji ya samaki husika. Tuseme kipande cha mita za mraba 10 kimepata 0.8 kwa kina, 0.5 kwa kasi na 1 kwa sakafu yake ya kokoto: alama hizo zikizidishwa hutoa 0.4, yaani makazi yenye thamani ya mita za mraba 4. Vipande vyote hujumlishwa, na hesabu hurudiwa kwa kila kiwango cha mtiririko.

Mara nyingi makazi huongezeka maji yanapoongezeka, kisha hupungua kasi inapowashinda samaki, na kilele cha vifaranga huja mapema kuliko cha wakubwa.

Modeli hii haihesabu samaki, wala haioni nyavu, uchafu au tope la mmomonyoko. Tena alama zilizopatikana kwa trauti wa Marekani hazifai kuazimwa kwa kuyu. Ni lazima zitokane na uchunguzi wa huku, na wavuvi wanaoyajua mazalio washirikishwe tangu mwanzo. Vilevile, mahali ambapo mitambo huongeza na kupunguza maji ndani ya saa chache, wastani wa siku huficha mayai yaliyoachwa makavu ukingoni, kwa hiyo vipimo vichukuliwe kila saa.